Kuzaa uzae wewe, ada nilipe mimi?

Kaka, shikamoo. Ule ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la ukoo nimeusikiliza ndani ya basi nikielekea zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nimeona jinsi binamu walivyokushangilia. Umesema wazungu wameacha kuzaa, wanakwisha, serikali zao zinawalipa watu wazae. Kwa hiyo wewe na wifi mnaongeza wa tano, na ikiwezekana wifi aje ajifungulie huku Ujerumani ili mtoto apate uraia na posho. Ukamalizia na hayati Magufuli pale Meatu, Septemba 2018, alipowaambia watu waachane na uzazi wa mpango kwa kuwa yeye amefika Ulaya na kuyaona madhara yake.

La uraia nalimaliza haraka. Unachanganya na Marekani. Huku mtoto wa wageni hapati uraia kwa sababu tu kazaliwa hapa; mzazi mmoja lazima awe ameishi kihalali miaka 5 na awe na haki ya kuishi bila kikomo. Wifi akija na viza ya matembezi atarudi na mtoto Mtanzania na bili ya hospitali itakayouza ng'ombe wote.

Posho ipo, sikatai. Mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto. Najua hapo umeshapiga hesabu ukapata kama laki saba za kwetu. Kodi ya chumba tu huku inaimeza hiyo na kudai nyingine. Halafu kwa watu wa nchi kama yetu hailipwi kama mtoto amebaki nyumbani. Wa kwangu analala Maswa, kwa mama, kwa hiyo sipati hata senti.

Sasa ngoja nikwambie kinachonichoma, maana hili sijawahi kulisema kwenye kundi. Kila mwezi kwenye mshahara kuna makato ya bima ya kuhudumia wazee. Asiye na mtoto, akishapita miaka 23, anaongezewa makato ya asilimia 0.6, kwa hoja kwamba hajaleta mtu wa kuja kuichangia hiyo bima kesho. Sheria hiyo ipo tangu 2005, baada ya Mahakama yao ya Katiba kusema mzazi na asiye mzazi wasichangie sawa. Wenyewe bado wanaibishania. Kazini nina mwenzangu, Mjerumani, aliyehangaika na matibabu mpaka akakata tamaa, na kila slipu ikija anasema wanamtoza faini ya kukosa mtoto. Mimi pia nilikatwa hivyo mwanzoni, mpaka nilipopeleka cheti cha kuzaliwa cha mwanangu, kile cha RITA, pamoja na tafsiri yake. Wakakipokea, makato yakashuka.

Yaani kwenye slipu ya mshahara mimi ni mama. Nikienda kwenye posho, umama umekwisha. Na nikiomba viza ya mtoto mwenyewe naambiwa nilete makaratasi ya kipato, na ridhaa ya baba yake, ambaye unamjua, na sahihi yake ina bei inayopanda kila nikipiga simu. Mtoto akivuka miaka 16 masharti yanakuwa mengine kabisa, hadi Kijerumani cha juu anaweza kudaiwa. Wanalia hawana watoto. Wa kwangu yupo, mzima, anasoma vizuri, na hakuna anayemharakisha. Walichokitaka kwa haraka ni mikono yangu.

Hayati hakudanganya kuhusu upungufu wa watu. Tangu 1972 hapa kila mwaka wanakufa wengi kuliko wanaozaliwa; mwaka 2024 walizaliwa watoto kama 677,000, wakafa watu zaidi ya milioni moja. Naliona hilo kila usiku. Korido ndefu, kengele tatu zinalia, na wahudumu tupo wawili. Lakini kuna bibi mmoja pale, chumba cha mwisho karibu na ngazi, kazaa wanne. Picha zao kazipanga dirishani na huwa ananitajia majina, la tatu linampotea, namkumbusha mimi. Pampasi namvalisha mimi. Kucha namkata mimi. Wanne wote wazima, wana kazi nzuri, wanapiga simu Krismasi. Usiniambie tena watoto wengi ndio bima ya uzeeni.

Na hata kwetu, mama kazaa sita. Dawa zake za presha ananunua nani?

Najua utanijibu lile la siku zote, kwamba mama angeishia wa tatu mimi nisingekuwepo wa kununua hizo dawa. Hapo unanibana kweli, sina jibu. Ila shamba la mzee ulikuwepo wakati linagawanywa. Kipande chako ukilima pamba hupati ya kukutosha, na hao wanao ukiwagawia tena kila mmoja ataambulia pa kujenga choo. Nchi nzima ndiyo hivyo: sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7. Unasema watu ni nguvu kazi. Nguvu kazi yako ya kwanza iko kidato cha tatu, bweni, shule binafsi uliyoichagua wewe ukajua shangazi yupo Ulaya. Ya pili na ya tatu wanadai michango na sare. Hiyo nguvu kazi inakula mgongo wangu, kaka.

Sisemi usizae. Mtoto ni baraka, na nyumba ya mama ikiwa na kelele za watoto naisikia kwenye simu nalia huku. Ila usizae kwa sababu ya wazungu, wala kwa kutegemea euro zangu. Na msije. Labda huyo mkubwa, akimaliza kidato cha sita akiwa bado ana nia, aanze Kijerumani pale Goethe Dar, afike kiwango cha B1 au B2, aje kwa mafunzo ya uuguzi kwa njia halali, nitamsimamia. Lakini asije akaacha mtoto nyuma. Mmoja wa kwangu anatosha.

Hela ya muhula nitatuma mshahara ukiingia, kwa hao wanne waliopo.

Na wifi anasemaje? Kwenye kundi mmejadili tumbo lake watu wazima kumi na kitu, yeye sijamwona hata kuandika neno. Kesho nikitoka zamu nitampigia. Wewe mpe simu, kisha toka nje uende ukaangalie ng'ombe.