Kijiti cha Mutura na Siri ya Damu Kuganda

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi huchoma mutura (utumbo uliojazwa nyama na damu) mtaani Kayole, Nairobi. Tunapochinja mbuzi, naikinga damu kwenye sufuria na kuikoroga upesi kwa kijiti, maana nikikawia huwa bonge moja. Kijiti hutoka kimezongwa na nyuzi ambazo nikizisuuza huwa nyeupe, na damu iliyobaki haigandi tena. Nyuzi hizo ni nini, na nani aliyezichunguza kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako limenifurahisha, kwa kuwa kusuuza huko ndiko kulikofanywa na Mwitaliano Marcello Malpighi, ambaye mnamo 1666 aliliosha bonge la damu mpaka wekundu ukaisha, akaona kwa hadubini kwamba kilichobaki ni wavu wa nyuzi. Leo nyuzi hizo huitwa fibrini. Kumbe kukoroga hakuizuii damu kuganda: inaganda vilevile, ila nyuzi zake zinajizonga kwenye kijiti badala ya kuzinasa chembe nyekundu.

Zamani wengi waliamini kwamba damu huganda kwa kupoa au kwa kutulia, kama mafuta ya nyama sufuriani. Anayestahili heshima kubwa hapa, kwa maoni yangu, ni William Hewson wa London, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1771. Alifunga mshipa wa shingo ya mbwa kwa uzi huku na huku, damu ikatulia humo, na baada ya saa kadhaa sehemu kubwa ilikuwa ingali majimaji. Aliifanya damu nyingine kuwa barafu ndani ya mshipa, akaiyeyusha, ikamiminika. Ilipokwisha kutoka ndipo ikaganda. Alionyesha pia kwamba kinachoganda kimo katika majimaji ya damu, wala si katika chembe nyekundu. Inasikitisha kwamba alifariki 1774, akiwa na miaka 34 tu, kwa jeraha alilolipata akipasua maiti.

Katika mnyama aliye hai nyuzi hazipo. Ipo fibrinojeni, protini iliyoyeyuka katika majimaji ya damu, ambayo hugeuzwa nyuzi na kimeng'enya (kichocheo cha mabadiliko ya kikemia) ambacho Alexander Schmidt, wa Chuo Kikuu cha Dorpat (leo Tartu, Estonia), alikiita thrombini. Mwaka 1890 Wafaransa Arthus na Pagès walionyesha kwamba damu iliyoondolewa kalsiamu haigandi. Ndiyo maana baadhi ya vichupa vya maabara hutiwa sitrati, inayoishika kalsiamu, na damu yako hubaki majimaji bila kijiti.