Jirani au wa mbali: jinsi pakiti inavyopata njia

Wanaoanza kujifunza mitandao hupewa mchoro wa tabaka saba wakariri. Mchoro una kazi yake, lakini ukishakaa mbele ya kompyuta isiyofungua ukurasa, majina ya tabaka hayakusaidii. Anza na swali moja ambalo kila kompyuta hujiuliza kabla ya kutuma chochote: ninayemtafuta ni jirani yangu, au yuko mtandao mwingine? Hitilafu nyingi utakazokutana nazo miezi ya mwanzo zinatokana na kifaa kilichojijibu vibaya swali hilo.

Jibu linatoka kwenye maski ya mtandao. Anwani ya IP ya toleo la 4 ina biti 32, zinazoandikwa kama namba nne, kila moja kati ya 0 na 255. Maski inaonyesha biti zipi ni za mtaa (mtandao) na zipi ni za nyumba (kifaa). Maski 255.255.255.0, ambayo mafundi huiandika /24, inatoa biti 24 za kwanza kwa mtaa. Zinabaki 8, yaani anwani 256. Ya kwanza ni ya mtaa wenyewe, ya mwisho ni ya tangazo kwa wote, hivyo vifaa vinagawana 254.

Tuone linavyokwenda mrama. Kompyuta 192.168.10.20 yenye maski /24 inataka kuchapisha kwenye printa 192.168.10.200. Kwa hesabu ya kompyuta, wote ni wa 192.168.10, basi ni majirani, na inatuma moja kwa moja. Lakini aliyesanidi printa aliandika 255.255.255.128, yaani /25, na sasa biti ya kwanza ya namba ya mwisho nayo ni ya mtaa. Printa inapiga hesabu yake: 200 kwa biti ni 11001000, inaanza na 1; 20 ni 00010100, inaanza na 0. Kwa hiyo 20 ni wa mtaa mwingine, na jibu lipelekwe kwenye lango, yaani ruta inayopeleka pakiti nje ya mtaa. Lango nalo limeandikwa 192.168.10.1, ambalo kwa hesabu hiyohiyo liko nje ya mtaa wa printa. Ombi limefika salama, jibu limekosa pa kutokea.

Dalili yake huwachanganya wengi: kompyuta yenye namba 150 inachapisha bila shida, yenye namba 20 haichapishi, na kebo zote ni nzima. Mgeni atabadilisha kebo, kisha ataweka upya programu ya printa, na siku itaisha. Ukiona baadhi ya vifaa vinafanya kazi na vingine havifanyi, na mgawanyiko unafuata namba za anwani, kagua maski za pande zote mbili. Kila mawasiliano ni safari ya kwenda na kurudi, na kila upande huamua kwa maski yake wenyewe.

Sasa tuseme jibu ni "jirani". Kompyuta inajua IP ya mwenzake, ila swichi ya kawaida, kifaa kinachounganisha kebo za mtaa, haisomi IP. Yenyewe hufuata anwani ya MAC, yenye biti 48, ambayo kwa kawaida kifaa hutoka nayo kiwandani. Ili kuipata, kompyuta hutangaza kwa mtaa mzima: nani mwenye 192.168.10.200? Mwenyewe hujibu kwa MAC yake. Hii ndiyo ARP, na majibu yake huwekwa kwenye jedwali unaloweza kuliona kwa amri arp -a.

Jedwali hilo hupuuzwa sana, na si haki. Umepiga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) kwa jirani, kimya. Usikimbilie kusema kifaa kimekufa, kwa sababu kompyuta nyingi zina ukuta wa moto (firewall) unaokataa ping. Tazama arp -a. MAC ikiwepo, kebo inapitisha na kifaa kiko hai, basi tatizo ni maski, ukuta wa moto au programu. Isipokuwepo, shuka chini ukatafute kebo, tundu la swichi, umeme, au VLAN (mtaa uliotengwa ndani ya swichi) tofauti. Na ukiona IP moja ina MAC hii sasa hivi na MAC nyingine baada ya dakika chache, shuku vifaa viwili vinavyogombania anwani moja.

Swichi hujifunza nani yuko tundu gani kwa kusoma MAC ya mtumaji kwenye kila fremu (bahasha inayobeba pakiti ndani ya mtaa) inayoingia. Fremu ya kwenda kwa asiyemjua, pamoja na matangazo yote, huimwaga kwenye matundu yote isipokuwa lile ilikotokea. Hapo pana mtego. Fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuifanya ife njiani. Mtu akichomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile, tangazo moja linazunguka na kuzaliana mpaka mtandao mzima unakwama, na taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja kwa kasi. Swichi zenye STP, itifaki ya kuzuia mizunguko, huufunga mzunguko huo zenyewe, lakini swichi ndogo zisizosanidiwa mara nyingi hazina. Dawa ni kuchomoa kebo mojamoja hadi taa zitulie.

Jibu likiwa "wa mbali", kompyuta haihangaiki na MAC ya mlengwa. Inauliza MAC ya lango, yaani ruta, na kumkabidhi. Ndani ya fremu, pakiti bado ina IP ya mlengwa wa mwisho. Ruta huvua fremu, husoma IP, hutazama jedwali la njia, kisha huivalisha pakiti fremu mpya ya kwenda kituo kinachofuata. Kwa hiyo IP husafiri kutoka mwanzo hadi mwisho, MAC hubadilika kila kituo. Ukilielewa hili hutashangaa kwa nini seva ya ng'ambo haiwezi kuona MAC ya kompyuta yako.

Kwenye IP kuna badiliko moja kubwa, NAT, yaani kubadilisha anwani mpakani. Anwani za 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16 ni za ndani na hazipitishwi kwenye intaneti. Ruta ya mpakani hubadilisha anwani ya mtumaji ikaweka yake ya nje, na kuandika kumbukumbu ya poti (namba inayotambulisha mazungumzo au programu) ili jibu likirudi ijue ni la nani. Anayeanzisha mazungumzo kutoka nje hana kumbukumbu hiyo, hivyo pakiti yake hutupwa. Ndiyo maana unapotaka seva yako ya ndani ifikiwe kutoka nje, lazima uiambie ruta poti gani ipelekwe kwa nani.

Kila ruta hupunguza 1 kwenye TTL ya pakiti, yaani hesabu ya vituo ilivyobakiwa navyo, na ikifika 0 pakiti hutupwa, mtumaji akapelekewa taarifa. Linux kwa kawaida huanza na 64, Windows na 128. Amri ya traceroute (kwenye Windows ni tracert) hutumia ujanja huo: inatuma pakiti yenye TTL 1, kisha 2, kisha 3, na kusoma nani analalamika. Nyota (*) katikati ya orodha si ushahidi wa hitilafu, kwani ruta nyingi hupitisha pakiti ila hazijisumbui kujibu. Nyota zinazoanza mahali fulani na kuendelea hadi mwisho ndizo za kuchunguza.

Kebo nayo ina ujanja wake. Kikomo ni mita 100 kwa jumla, pamoja na vipande vya kuunganishia. Mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B, kuanzia pini ya 1, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia kijani: jozi yake imekaa pini ya 3 na ya 6, ikiirukia buluu. Anayebana vichwa kwa mara ya kwanza huona hilo ni fujo, akapanga jozi kwa jozi, kijani pini 3 na 4, buluu 5 na 6. Kwa kuwa amefanya hivyo ncha zote mbili, kipimaji cha taa kinawaka moja hadi nane bila kasoro. Lakini sasa mawimbi ya pini 3 na 6 yanapita kwenye nyaya mbili ambazo hazikusokotwa pamoja, na ni msokoto huo unaofuta kelele. Kebo ya mita 2 itafanya kazi, ya mita 40 itapoteza fremu au kushuka kasi, na kipimaji kitaendelea kukuambia ni nzima. Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa. Na kifaa cha megabiti 1000 kikishika 100, tazama kwanza jozi za buluu na kahawia, kwa sababu 100 hutumia jozi mbili tu, 1000 inataka zote nne.

Ukubwa wa pakiti ni jambo dogo hadi siku litakapokusumbua. Ethernet hubeba hadi baiti 1500 kwa fremu. Toa 20 za kichwa cha IP na 20 za TCP (itifaki inayohakikisha data inafika), zinabaki 1460 za data yenyewe. Muunganisho wa PPPoE, unaotumiwa na baadhi ya watoa huduma za intaneti, hula 8 nyingine, kikomo kikawa 1492. Dalili ya kikomo kilichokosewa ni ya ajabu: ping inajibu, kurasa nyepesi zinafunguka, lakini kupakia faili au kufungua ukurasa mzito kunaganda. Jaribu ping -f -l 1472 kwenye Windows, au ping -M do -s 1472 kwenye Linux, ukitaja anwani ya nje. Hizo 1472 ukiongeza 8 za ICMP (itifaki ya ping) na 20 za IP unapata 1500 kamili. Isipopita, punguza mpaka ipite.

Unapokagua, panda kutoka chini. Taa ya tundu inawaka? Kompyuta ina anwani? Ikiwa inaanza na 169.254, seva ya DHCP, inayogawa anwani, haikujibu, na kompyuta imejipa anwani yenyewe. Lango linajibu ping? Anwani ya nje kama 8.8.8.8 je? Anwani ikijibu na jina lisipojibu, mtandao ni mzima, DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, ndiyo mbovu. Hakikisha kompyuta imepewa seva sahihi ya majina.

Mwisho kabisa ni poti. Kabla ya data kupita kwa TCP, pande mbili hubadilishana SYN, SYN-ACK na ACK, yaani ombi, kibali na uthibitisho. Soma ujumbe wa kosa kwa makini. "Connection refused" maana yake kwa kawaida umefika kwenye mashine na imekujibu kwamba hakuna programu inayosikiliza poti hiyo. "Timed out" ni kimya: pakiti imetupwa njiani, mara nyingi na ukuta wa moto, au anwani si yenyewe. Kwa la kwanza, ingia kwenye seva ya Linux uandike ss -ltn, uone poti zinazosikilizwa. Ukikuta 127.0.0.1:8080 badala ya 0.0.0.0:8080 (anwani zote za mashine), programu inawasikiliza walio ndani ya mashine hiyo tu. Badilisha anwani inayosikiliza kwenye mipangilio yake, kisha iwashe upya.