Upepo kwenye ECDIS hautoki kwenye chati

Ukiona upepo kwenye ECDIS, yaani mfumo wa chati za kielektroniki wa melini, unaweza kudhani umo ndani ya chati. La, ECDIS haichukui utabiri wa hali ya hewa kutoka kwenye chati yenyewe. Chati rasmi zilizozoeleka, zile za muundo wa S-57, hubeba kina, miamba, maboya na taa. Upepo na mawimbi huwekwa juu yake kama tabaka la ziada, mara nyingi kutoka kwenye faili la GRIB (faili la data za utabiri) linaloingia kwa setilaiti. Ukilizima tabaka hilo, chati inabaki vilevile.

Kinachobadilika ni kiwango kipya cha data cha IHO (Shirika la Kimataifa la Hidrografia), S-100, ambacho ndani yake hali ya hewa ina nafasi yake (sehemu za S-411 hadi S-414, ile ya 411 ni ya barafu). ECDIS za aina hiyo zinaruhusiwa tangu 1 Januari 2026, na zitakazofungwa melini kuanzia 1 Januari 2029 ni lazima ziwe hizo.

Ila kabla ya kuamini zile rangi za upepo na mawimbi kwenye skrini, tazama utabiri ni wa saa ngapi. Modeli ya utabiri ya GFS ya Marekani hutolewa kila baada ya saa 6, na data zake nyingi huja kwa nukta zilizoachana robo digrii, yaani kama maili 15 za baharini. Mlango wa bahari mwembamba kati ya visiwa viwili haumo kabisa. Mshale unaouona pale programu imeukisia tu kutoka nukta za jirani. NAVTEX (huduma ya kutuma maonyo kwa meli kwa redio) ikileta onyo la dhoruba huku skrini inakuonyesha bahari shwari, mimi nafuata NAVTEX.