Muulizeni Aliyeshika Mwiko

Swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Je, mtu aliyepata kisukari ukubwani anaweza kuachana na dawa akibadili chakula na kufanya mazoezi?" Nimelisoma huku nikisonya. Swali lenyewe halina ubaya, ila linamuuliza mgonjwa peke yake, kana kwamba anajipikia na kula akiwa mafichoni. Mzee wangu hajajipakulia chakula tangu tuoane. Basi niruhusuni nijibu kwa niaba yetu sisi tulioshika mwiko.

Aliendesha lori miaka mingi kati ya Mombasa na Malaba. Mnaoijua Salgaa, pale malori yanapolala, mnajua madereva wanavyokula: nyama na chapati saa saba za usiku, soda ya kufukuza usingizi, kisha kuketi tena nyuma ya usukani hadi mchana. Alipoacha barabara na kuanza kusimamia yadi hapa Nakuru, mwili ulibaki na tabia zile zile. Ikaja kiu, ikaja kuamka usiku kwenda haja ndogo, tukadhani ni mambo ya tezi dume. Alipopimwa asubuhi kabla ya kula, sukari ilikuwa 14.2. Kipimo hicho kikifika 7 na kikirudiwa kikawa hivyo hivyo, tayari ni kisukari. Akapewa vidonge vya sukari, metfomini na glibenklamidi.

Muuguzi wa kliniki alichukua karatasi akachora sahani: nusu mboga, robo wanga, robo nyama, samaki, mayai au maharagwe. Akamuuliza mzee, "Viazi tunaviweka wapi hapa?" Mzee akajibu upesi, "Kwa mboga." Muuguzi alicheka hadi akaweka kalamu chini. Sisi watu wa huku, jirani na Molo kwenye mashamba ya viazi, kiazi hatukihesabu kama chakula. Ni kitu cha kuongezea mchuzi.

Mengine yalienda vizuri kuliko nilivyotarajia. Soda ilitoka, ugali ukawa wa kadiri ya ngumi, jioni akawa anatembea na wazee wenzake wa kanisa wakiifuata barabara inayopanda Menengai. Chai bila sukari ndiyo iliyotaka kuvunja ndoa. Polepole kitambi kikaanza kushuka. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kwetu kitambi cha dereva ni ushahidi kwamba ana mke.

Wifi yangu mkubwa alikuja Jumapili moja na mama mkwe. Amebeba sufuria ya mokimo iliyofungwa kwa kitambaa, chapati kwenye hotipoti, na soda ya lita mbili. Alipomwona kaka yake alisimama mlangoni, hajavua hata viatu. "Wewe, unaumwa nini?" Mzee akasema yuko sawa. Wifi akanigeukia. "Wifi, hii nyumba iko na chakula?" Mbele ya mama yao. Mbele ya watoto wangu.

Nilikuwa nimepika mboga ya managu kwa kitunguu kingi, kuku, na ugali kidogo. Alifunua sufuria ya managu akaifunika tena bila kusema kitu, na huko kunyamaza kuliniuma kuliko tusi. Kisha akaingia kabatini kwangu. Akaiweka kando sahani ndogo ninayompakulia mzee, akatoa ile pana ya wageni, yenye maua pembeni. Akachota mokimo, akaigandamiza kwa mgongo wa mwiko ili ienee, akachota tena. Chapati mbili akazikunja zikaegemea ukingoni. Glasi ya soda ikajaa hadi povu likamwagika kwenye kitambaa cha meza. Mzee alinitazama, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa akaanza kula. Mwanamume aliyeteremka Timboroa usiku wa mvua na mzigo wa tani nyingi alishindwa kumwambia dada yake "inatosha".

Nikasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba mokimo ni viazi na mahindi, na vyote ni wanga. Wifi akadakia: "Hiki ni chakula cha asili. Wazee wetu walikula hiki, nani aliugua sukari?" Nikamwambia wazee wetu walilima kutwa na hawakuteremshia kwa soda. Sauti zikaanza kupanda. Mama mkwe, ambaye alikuwa akitoa mifupa ya kuku pole pole kama hayupo, akasema, "Si kuna mashine? Mpimeni tunyamaze."

Tukangoja saa mbili. Tulitazama televisheni bila kuiona. Mashine ikasoma 16.8. Wifi akasema, "Hiyo imeharibika. Nipime mimi." Nikampima. Yeye aliyekula sahani mbili na kumaliza na soda, ikasoma 5.9. Akanyanyua kidole chake chenye tone la damu, akatuonyesha sote. "Mmeona? Chakula kina makosa gani?"

Sikuwa na la kujibu, na stripu niliyompimia, kile kikaratasi cha kuwekea tone la damu, ndiyo niliyokuwa nimemwekea mzee ya Jumatatu. Leo ningemwambia kwamba kongosho lake bado linatoa insulini ya kutosha kushusha sukari, na mwili wake bado unaisikia. Sahani moja inaweza kuingia kwenye miili miwili ya tumbo moja ikafanya kazi mbili tofauti. Lakini nani anaeleza mambo ya kongosho mezani Jumapili? Wakati wa kuondoka, mama mkwe aliichukua chupa ya soda iliyobaki, akasema atawapelekea wajukuu wa Molo. Wifi hakunisalimia tena hadi Krismasi.

Mngeniuliza swali lenu wiki ile, ningewajibu "haiwezekani" na kufunga barua. Ningeongeza na hasira za wale wanaopanda matatu na chupa za unga wa majani wakiahidi kuimaliza sukari na kukuambia utupe vidonge. Hasira hizo bado ninazo. Na wale wanaosema ugali wa wimbi haupandishi sukari, kisha wanasonga mlima wa wimbi, hao nao nawaomba wakanunue mashine.

Ila siwezi kuwaficha kilichofuata. Miezi ilivyosonga, mzee akaanza kutetemeka saa za kabla ya chakula cha mchana, jasho jembamba, maneno yanamkwama. Siku moja tukampima ikawa 3.1. Mimi niliyekuwa nikiificha sukari juu ya kabati nikawa ndiye ninayekorogea vijiko vitatu kwenye maji na kumnywesha. Daktari alieleza kwamba glibenklamidi inalisukuma kongosho litoe insulini, uwe umekula au hujala. Sasa mwili umepungua, anatembea, anakula kidogo, na kidonge kinasukuma vile vile. Kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa muda huo, kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 10.1 hadi 6.6. Daktari akaiondoa glibenklamidi. Aliiondoa yeye, kwa kalamu yake, akiwa na matokeo mkononi. Mzee hakuiacha kienyeji.

Binti yetu anayesoma Chuo Kikuu cha Egerton ndiye aliyetutafutia utafiti wa Uingereza uitwao DiRECT, uliochapishwa mwishoni mwa 2017. Waliwapa wagonjwa chakula cha kalori kama 850 kwa siku, supu na vinywaji vya unga wa pakiti, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua. Dawa za sukari walisimamishiwa siku ya kwanza, wakiwa chini ya uangalizi. Baada ya mwaka, asilimia 46 walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa, na kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi, karibu tisa katika kumi. Baada ya miaka miwili ilikuwa kama asilimia 36. Wanasema mafuta yakitoka kwenye ini na kongosho, kongosho linaweza kurudi kazini. Nilipiga hesabu: chapati tatu za wifi na kikombe cha chai ya maziwa karibu zimalize kalori za siku nzima za watu wale.

Lakini someni na maandishi madogo, kama binti alivyonisomea. Wote waligunduliwa ndani ya miaka sita, na hakuna aliyekuwa anadungwa insulini. Aliyeugua miaka ishirini asijifananishe nao. Na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hamo kabisa katika maneno haya. Akikosa insulini anakufa.

Kwa hiyo, nilianza kuandika nikiwa upande wa hapana, na naona kalamu imenitoa huko. Ndiyo, wapo wanaoweza, hasa aliyegunduliwa juzi na mwenye kilo za kupunguza, mradi daktari ndiye anayetoa dawa, na mradi nyumba nzima imekubali, mashemeji wakiwemo. Sharti hilo la mwisho sijaliona kwenye utafiti wowote, na kwangu ndilo gumu kuliko yote. Metfomini mzee bado anaimeza asubuhi na jioni. Daktari amesema ataiangalia baada ya kipimo kingine cha miezi mitatu. Mzee anauliza kila mara itaondolewa lini. Mimi sina haraka, kwa sababu kipimo hicho kinaangukia Januari, na Krismasi wifi anakuja.