Mikono jamvini, akili kwa mdai

SWALI: Msimu huu wa karafuu nashinda jamvini nachambua, lakini akili haipo: mara deni la dukani, mara michango ya skuli, mara maneno ya wifi. Hata kwenye sala natoa salamu sikumbuki nimesoma sura gani. Binti yangu ananambia nijifunze kuwapo kwenye wakati uliopo, yaani akili ikae kwenye ninachokifanya. Inafanywaje? Na deni je?
Mama wa Wete, Pemba

JIBU: Deni litabaki pale pale, mama. Kitakachopungua ni kulilipa kichwani mara ishirini kwa siku.

Akili kutangatanga ni kawaida ya binadamu. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliowauliza watu kupitia simu, saa yoyote: unafanya nini, unawaza nini, unajionaje? Karibu asilimia 47 ya nyakati walikuwa wakiwaza jengine, na raha yao ilikuwa ndogo zaidi nyakati hizo. Hata mawazo matamu hayakuwapa raha kuzidi ya kuwapo kwenye shughuli yenyewe.

Chumba cha kimya usikitafute, jamvi linatosha. Anza na dakika 5. Chagua kitu kimoja tu, tuseme kidole gumba: kinavyokisukuma kishada kiganjani, karafuu zinavyokatika, konyo linavyobaki mkononi, utomvu unavyonata. Akili ikiondoka, itajie kimoyomoyo ilikokwenda, "deni" au "wifi", kisha rudi kwenye gumba. Ukirudi mara thelathini ndani ya dakika hizo tano, umefanya mazoezi mara thelathini. Wengi huharibu hapa: hupigana na mawazo yasije, au kila dakika hujikagua kama wameshatulia. Yote mawili ni kuwaza tu.

Kabla ya kutia nia ya sala, vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, mara sita. Ni kama dakika moja. Pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo hupunguza kasi. Ukiona kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno, rudi pumzi ya kawaida. Ndani ya sala hesabu iache. Soma polepole, usimame mwisho wa kila aya. Mengine ya khushui muulize ustadhi wako.

Deni lipangie saa. Baada ya isha, dakika 15, kalamu na daftari: kiasi gani, cha nani, na hatua moja ya kesho. Likikufuata jamvini liambie lisubiri isha. (Wifi haandikiki daftarini; huyo ataendelea kurudi, nawe utaendelea kurudi kwenye gumba.)

Usijihukumu mapema: mafunzo ya kuituliza akili kwenye wakati uliopo, aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn kule Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, huchukua wiki 8. Na iwapo kila ukitulia yanakujia mambo ya kutisha, usifumbe macho, acha, inuka utembee. Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya uyaseme hayo hayo uliyotuandikia.