Chumba kizima kimeninunia

*Shangazi, mimi ni Mkenya, mpishi hotelini Doha. Ninaishi na Wafilipino watatu. Majuzi nilimfokea mmoja wao mbele ya timu nzima kwa kuweka kuku mbichi juu ya saladi kwenye friji. Tangu hapo wote wananijibu kwa mkato, na michango ya chakula wananiruka. Kwani kusema kweli ni kosa? – Mpishi*

Mpishi mwanangu, kuhusu kuku huna kosa. Majimaji yake yakidondokea saladi, wageni wataugua. Kilichokuponza ni hadhira. Kwa Wafilipino wengi, kuaibishwa mbele za watu huuma kuliko kosa lenyewe, na anayeaibisha wenzake huambiwa *walang pakisama*, yaani hajui kuishi na watu. Wale wawili huenda wanajua ulisema kweli, ila wakikutetea, wao pia watatengwa.

Kununa huko wanakuita *tampo*, na si uadui: aliyeumia hujitenga akingoja kubembelezwa. Ukimvaa na "nimekukosea nini?" atasema hakuna kitu, na mtabaki palepale. Pitia kwa Mfilipino aliyewazidi umri, yule wanayemwita *Ate* au *Kuya*, dada au kaka mkubwa. Mweleze faraghani, akupimie hali. Akikuruhusu, mwendee uliyemfokea na kitu cha kula jioni, useme, "Samahani kwa kukusema mbele ya watu." Ishia hapo, habari ya kuku usiifufue. Akikukaribisha mezani mara moja, hiyo ni adabu tu, kama "karibu chakula" yetu. Akirudia, keti ule.

Michango toa, lakini taja kiwango chako mapema na usikope kwa ajili ya keki ya mtu. Wengi wao wanatuma pesa nyumbani na wanaona haya kusema hawana, kwa hiyo kikomo chako kinaweza kumwokoa na mwingine.

Jikoni ndiko shida yenyewe iliko. "Ndiyo" ya mtu asiyetaka kukuudhi huenda ikawa "nimesikia" tu, na "nitajaribu" mara nyingi ni hapana. Usiulize "umeelewa?" Sema "nionyeshe kuku utamweka wapi." Mwombe mpishi mkuu abandike mlangoni mwa friji: kuku mbichi rafu ya chini kabisa, vya kuliwa bila kupikwa juu. Karatasi ikikosoa, hakuna wa kununiwa.

Wala usidhani Wafilipino wote wanaona kukubali kila kitu ndiyo utu. Mwanasaikolojia wao Virgilio Enriquez aliwapinga wasomi waliokuza *pakikisama*, yaani kwenda na kundi, kuwa nguzo yao. Kwake nguzo ni *kapwa*, kumwona mwenzio kuwa sehemu yako. Kwa hoja hiyo, kumvuta mtu pembeni umwambie ukweli ni kumheshimu. Ukimkuta kuku juu ya saladi tena, mshushe wewe mwenyewe papo hapo na saladi iliyodondokewa itupwe. Maneno yasubiri zamu iishe, mkiwa wawili.