Muulize Fundi: Nitoe aisii za 4558 niweke 5532?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina amplifaya ya kukodisha kwenye maharusi hapa Ujiji. Besi imefifia, na nikipandisha volyumu bila muziki nasikia "shhhh". Kwenye bodi ya toni kuna aisii (IC, vile vipande vyeusi vya kukuza sauti) tatu za miguu minane, zimeandikwa 4558. Rafiki yangu anasema nikiweka aisii za 5532 nitasikia mpaka pumzi ya mwimbaji. Ni kweli?
Kijana wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Rafiki yako hajakudanganya, ila kakupa habari nusu. 5532 ina kelele kidogo kuliko 4558, ina mbio zaidi, na miguu inafanana: wa 8 umeme chanya, wa 4 umeme hasi. Kuingia itaingia.

Sasa sikia yaliyonipata hapa Isevya, Tabora. Niliweka 5532 mbili kwenye amplifaya ya mteja, nikafunga kifuniko huku najisifu. Muziki haujawashwa, spika kimya, mara twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inanuka. Kufungua, kugusa aisii, nikarudisha kidole mbio. Zilikuwa zinalia zenyewe, juu kabisa, kule ambako sikio la mtu halifiki. Twita nililipa mimi. Kilichokosekana ni kapasita moja ya 104 (yaani 0.1 µF) kati ya mguu wa 4 na wa 8. Ilehemu chini ya bodi, palepale kwenye aisii, miguu yake uikate mifupi. Ukiivuta kwa waya mrefu ni kama hujaiweka.

Halafu umeme. 4558 inakula kama miliampea 3.5, 5532 kama 8. Bodi ikilishwa na 7815 na 7915, zile regyuleta za kushikilia volti 15 chanya na hasi, usijali. Ikiwa ni resista na zena (diodi ya kushikilia volti) tu, volti zitashuka, kwa hiyo pima kwa mita kabla na baada.

Lakini hiyo besi kufifia, mimi siilaumu aisii. Kapasita za maji (electrolytic) za 10 µF, zinazopitisha sauti kutoka aisii moja kwenda nyingine, hukauka kwa miaka na joto, na besi ndiyo hutangulia kuondoka. Anza na hizo. Wateja wangu wengi huishia hapo, wanabeba chombo chao wanaondoka, 4558 zikiwa zilezile.

"Shhhh" ikibaki, na inapanda pamoja na volyumu, basi inatoka kabla ya volyumu. Badilisha aisii ya kwanza tu, inayopokea maikrofoni, maana kelele ya pale hukuzwa na zote za mbele. Lehemu soketi, aisii uichomeke, ili ukijuta uirudishe ya zamani bila kubandua njia za bodi.

Na dukani fungua macho, kuna 4558 zilizofutwa maandishi zikaandikwa upya. 5532 ya kweli, kwenye volti 15 chanya na 15 hasi, huwa vuguvugu baada ya dakika chache. Ikikaa baridi kama jiwe la mtungini, irudishe ukadai pesa yako.